Haiskuli ya mtaani kwetu imepewa tatu kati ya kumi. Nihame?

BabaNeema

Habari za humu ndugu zangu. Tuko Marekani mwaka wa pili sasa, na binti yangu mkubwa anaingia darasa la tisa Agosti. Juzi mwenzangu kazini kaniuliza mtoto atasoma wapi. Nilipoitaja shule akakunja uso kama kang'ata ndimu, akatoa simu kunionyesha: tatu kati ya kumi.

Usiku tukakaa na binti, yeye anasoma Kiingereza mimi nasikiliza, tukafungua na ripoti ya jimbo. Waliofikia kiwango cha hisabati hata nusu hawafiki. Wenye hali duni ya kipato ni karibu shule nzima. Wanaojifunza Kiingereza wengi. Safu ya wanafunzi Weusi iko chini kuliko zote. Binti akaniuliza, "Baba, na mimi nitahesabiwa hapo?" Nikanyamaza.

Ng'ambo ya barabara kuu kuna shule yenye alama tisa kati ya kumi. Kodi ya huko naiweza nikichukua na zamu ya Jumapili. Niuvunje mkataba wa nyumba au nitulie?

Kijana_wa_Tabora

Hama mzee. Kodi inalipika, mtoto hasomi haiskuli mara mbili.

Mkalimani_wa_Zamu

Baba Neema, pole na karibu. Mimi ni mkalimani katika shule za wilaya yetu, mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo nitaandika kirefu. Chai iko mezani.

Hiyo tatu si ya serikali. Ni tovuti binafsi inayochukua takwimu za jimbo na kuzipigia hesabu zake. Ripoti ya jimbo ndiyo iliyo ya kisheria. Sheria ya elimu ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile aliyoitia saini Rais Bush mwanzoni mwa 2002, inalazimisha matokeo yatolewe kwa makundi: rangi, kipato, ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Na ni vizuri hivyo, maana zamani shule iliweza kuwaficha watoto walioachwa nyuma ndani ya wastani mzuri.

Ila asilimia ya waliofikia kiwango inakuonyesha mtoto yuko wapi, haikuonyeshi alianzia wapi. Tangu ripoti ya Coleman ya 1966, utafiti mkubwa wa shule za Marekani, inajulikana kwamba matokeo ya mitihani yanafuata sana hali ya nyumbani kwa mtoto. Profesa Sean Reardon wa Stanford alipitia matokeo ya shule za serikali za Chicago, mwaka 2009 hadi 2014, akakuta watoto wakitoka darasa la tatu kwenda la nane wamesonga mbele masomo ya miaka sita ndani ya miaka mitano. Wastani wao ulikuwa bado chini ya wa taifa. Ukiangalia wastani peke yake utasema walimu wale wamelala.

Sasa tazama wanaofanya mtihani wenyewe. Haiskuli, mtihani wa jimbo wa hisabati lazima ufanyike angalau mara moja. Mgeni asiyetimiza miezi kumi na miwili nchini, jimbo linaweza kumsamehe ule wa kusoma mara moja. Wa hisabati anakaa. Nilikuwa na mvulana mmoja wa kutoka kambi ya wakimbizi, mazoezi ya mtihani, swali la ngazi iliyoegemezwa ukutani. Kakodolea macho dakika nzima. Nilipomwambia lile neno ni ngazi, akachora pembetatu, akaweka pembe mraba, akamaliza kabla sijakunja miwani. Siku ya mtihani wenyewe sikuwepo.

Huyo huyo alianza darasa la tisa ana miaka kumi na saba, akahitimu kwa miaka mitano. Kwenye asilimia ya kuhitimu kwa miaka minne hamo. Majimbo mengine huweka na ile ya miaka mitano, iangalie kama kwenu ipo.

Ile "karibu shule nzima" ya kipato nayo ina kisa chake, maana mara nyingi huhesabiwa kwa chakula cha shule. Kwa kawaida chakula cha bure kinatolewa kwa familia ambayo kipato hakizidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini, na cha bei nafuu hadi 185. Lakini shule yenye familia nyingi za chini inaruhusiwa kulisha wote bila fomu, na kuna mahali ambapo ikishafanya hivyo wanafunzi wote wanaandikwa maskini, pamoja na mtoto wa daktari wa meno.

Na safu ya Weusi! Hapo kuna mtoto wa Goma aliyefika mwaka jana, mtoto wa mhasibu kutoka Lagos, na Mmarekani ambaye mababu zake wapo hapa kabla nchi haijawa nchi. Safu moja. Mwambie binti ndiyo, atahesabiwa hapo, na haimwambii lolote kuhusu yeye.

Fungua sehemu ya maendeleo, ile inayolinganisha mtoto na alikokuwa mwaka uliopita, kama jimbo lenu linaiweka kwa haiskuli. Kisha angalia utoro: wanaokosa asilimia kumi ya siku, yaani siku kumi na nane kwa mwaka wa siku 180. Hapo ndipo mimi huogopa. Halafu kwenye ile shule ya tisa tafuta safu ya wanaojifunza Kiingereza. Ukikuta alama ya nyota badala ya namba, maana yake ni wachache mno hata jimbo linawaficha wasitambulike. Uliza wana walimu wangapi wa watoto hao.

Mzee_Kibatari

Mama Mkalimani nakuheshimu, lakini hapo kwenye maendeleo tusidanganyane. Mwanangu alisoma shule ya namna hiyo, maendeleo safi, alama A mpaka tukanunua fremu. Alipofika chuo wakampima, wakamrudisha kusoma hisabati za haiskuli, na ada nikalipa mimi. Walimweka hesabu nyepesi miaka minne kwa sababu kipindi cha Kiingereza kiligongana na aljebra. Hakuna aliyetuambia, na mimi sikujua kuuliza. Baba Neema, iwe tatu iwe tisa, uliza mtoto anawekwa hesabu gani mwaka wa kwanza.

Mkalimani_wa_Zamu

Mzee umenipiga palepale. Nimeyaona hayo, na ningeanza nayo. Baba Neema, nenda na matokeo yake ya nyumbani, hata karatasi iliyokunjika. Na omba mkalimani, ni haki yako na hulipi. Tangu kesi ya Lau ya 1974, ya watoto Wachina wa San Francisco, shule haiwezi kumwacha mtoto akae tu darasani haelewi lugha. Binti asikutafsirie kikao kinachomhusu yeye mwenyewe.

BabaNeema

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya, zamu za usiku.

Tulienda Alhamisi. Mkalimani alikuwa mama wa Bukavu, Kiswahili chake na changu vikakutana njiani, tukaelewana. Mshauri wa wanafunzi alikuwa keshamwandikia binti hesabu za msingi bila kumpima. Nikatoa matokeo yake ya kule nyumbani, yana alama ya mafuta ya kupikia pembeni. Akayatazama, akaenda kumwita mwalimu wa hisabati. Huyo akampa maswali ishirini palepale ofisini, mimi nahesabu vigae vya sakafu. Ataanza na jometria, na kipindi cha Kiingereza kimehamishiwa asubuhi.

Shule ya tisa nilipiga simu pia. Mwalimu wa Kiingereza kwa wageni wanaye mmoja, anakuja Jumanne na Alhamisi, siku nyingine yuko shule nyingine.

Utoro wa kwetu ni mkubwa, Mama Mkalimani, hapo na mimi nimeogopa. Basi la shule linapita saa kumi na mbili na dakika arobaini, nami hutoka kazini saa kumi na mbili kamili. Nitakuwa namsindikiza kituoni ndipo nikalale.

Nyumba hatujahama. Kijana wa Tabora usininunie.