Video za itikadi kali kwenye simu za vijana: zinaingiaje?

MamaMalindi: Assalam aleikum. Kijana wa miaka 16, mtulivu, hana makuu, ghafla simu yake imejaa video za vita zenye anashidi (nyimbo za kidini). Huwa wanaanzia wapi? Na mzazi ashike wapi kabla mambo hayajaharibika?

Langoni_Amu: Waaleikum salaam, dada. Kipande cha kwanza huwa hakina bunduki. Ni sekunde 30 au 60 za dhulma ya kweli: shamba lisilo na hati, kijana aliyechukuliwa asionekane tena, wavuvi wa Lamu kuzuiwa kuvua usiku baada ya shambulio la Mpeketoni, Lamu, 2014. Uchungu ni wa haki, ndiyo maana unanasa. Jibu analopachikiwa mwishoni ndilo la uongo.

Anayependa au kuandika maoni huonekana. Hutumiwa kiungo cha chaneli ya Telegram, ambako msimamizi peke yake ndiye husema na wafuasi hawaonani, kwa hiyo hakuna mzee wa kumpinga. Kisha hufuatwa faraghani na mtu mmoja mpole, mwenye subira. Akishaambiwa afute jumbe na asimwambie mama, muda umebaki mfupi sana.

Lugha nayo huchaguliwa. Al-Shabaab, kundi la wapiganaji la Somalia, walianza kutoa jarida la Kiswahili 2012, kwa ajili yetu hasa. Wakati wa shambulio la duka la Westgate, Nairobi, 2013, walikuwa wakiandika Twitter likiendelea. Akaunti ikifungwa, wanafungua nyingine.

Fundi_Shela: Msitegemee mitambo pekee. Kampuni za mitandao hutunza alama ya kidijitali ya video mbaya ili nakala izuiwe. Lakini baada ya shambulio la misikiti ya Christchurch, New Zealand, Machi 2019, ambalo muuaji alilirusha moja kwa moja, Facebook iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo kwa saa 24, na yalipatikana matoleo zaidi ya 800 yaliyobadilishwa. Kwa Kiswahili uchujaji ni dhaifu zaidi, sembuse lahaja zetu za Kiamu au Kibajuni. Ripoti ya binadamu ina uzito.

Kwenye WhatsApp, ripoti kabla ya kufuta: kampuni hupokea jumbe tano za mwisho za mtumaji huyo. Andika namba, tarehe na saa. Mishale miwili juu ya ujumbe maana yake ujumbe umepitia mikono mingi. Na tafadhali, usiisambaze hata kwa kuandika "tahadharini". Hapo umewafanyia kazi yao.

MamaMalindi: Ahsanteni. Basi nimnyang'anye simu?

Langoni_Amu: Hapana, ataazima ya rafiki na hutaona tena. Muulize kwa upole nani alimtumia, kisha mkalishe na maalim anayemheshimu, ajibiwe hoja moja baada ya nyingine.

Na wewe uko Malindi, usidhani ni ya dini moja. Mahubiri ya mwisho wa dunia yaliyotangulia vifo vya msitu wa Shakahola, ambako wafuasi walifunga kula hadi kufa, yalipita kwenye televisheni na YouTube: acheni shule, acheni hospitali. Mwaka 2023 ikaanza kufukuliwa miili, ikapita 400. Kijana akianza kukataa kila sauti isipokuwa moja, usingoje video ya vita.