Mjadala: Nati ikilegea safarini, aulizwe mwendesha pikipiki au aliyeifunga dukani?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linagusa uhai wa watu. Kila Desemba barabara ya Chalinze, Segera mpaka Moshi hujaa vijana wanaorudi nyumbani kwa pikipiki. Mabasi yamejaa, nauli imepanda, na wengine wanataka wafike na chombo cha kuzungukia kijijini. Na kila msimu yanarudi maneno yaleyale: pikipiki zipigwe marufuku safari za mikoani, au zikaguliwe kama mabasi yanavyokaguliwa alfajiri pale stendi ya Magufuli.

Mimi napinga yote mawili. Nati inayolegea njiani kwenye pikipiki mpya, mara nyingi safari yake ya kulegea ilianzia dukani. Nataka sheria imbane kwanza anayefunga na kuuza, kabla hatujamgeukia anayeendesha.

Nieleze yaliyonikuta. Nilinunua pikipiki mpya ya cc 125 na ilikuwa haijafikisha hata kilomita 300 nilipoondoka Mbezi, Dar es Salaam, saa kumi na moja alfajiri. Nilipovuka mto Wami nikaanza kusikia mlio mdogo wa chuma kugonga chuma. Korogwe kioo cha kulia kikawa kinajizungukia chenyewe. Kufika Mombo nikaona keria imebaki na bolti tatu kati ya nne, na begi langu limeinama upande mmoja.

Fundi niliyemkuta chini ya mti hakukimbilia kwenye keria. Alizunguka chombo chote na spana mkononi. Nati za ekzosi pale inapoingia kwenye injini zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Kisha akainama nyuma, kwenye ule mkono wa chuma unaoshika sahani ya breki isizunguke na tairi. Nati yake ilikuwa imebakiza nyuzi mbili za bolti kabla ya kuchomoka.

"Mdogo wangu, njoo uone," akaniita. "Hapa panatakiwa spliti pini, kile kipini kinachopita kwenye tundu la bolti kuzuia nati isitoke. Tundu bado limeziba kwa grisi ya tangu ilipotoka kwenye boksi. Hii pini haijadondoka. Haikuwekwa."

Asiyejua ule mkono ukiachia hutokea nini, aelewe hivi: unapokanyaga breki, sahani nzima inaburutwa na tairi, inavuta fimbo ya breki, na tairi la nyuma linajifunga papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, na lori nyuma yako, hapo hakuna ufundi wa kuendesha unaokuokoa. Na kama ningekufa, taarifa ingesema mwendo kasi.

Nilipopiga simu dukani nikajibiwa kwamba kukaza nati ni kazi ya mteja, na kwamba ningesubiri sevisi ya kwanza ndipo nisafiri. Kosa langu nalikubali: sikushika spana kabla ya kuondoka. Ila hakuna aliyeniambia. Kitabu cha maelekezo kilikuwa chini ya siti, kimeandikwa Kiingereza kitupu, na muuzaji alinikabidhi ufunguo, risiti na kofia ngumu, basi.

Wengi wetu tunaamini nati hulegea kwa sababu tu ya mtetemo au barabara mbovu. Ukweli unakwenda ndani kidogo. Bolti iliyokazwa vizuri inavutika kama springi, na mvutano huo ndio unaobana vipande viwili visiteleze. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinacholegeza zaidi ni vipande kusogea ubavu kwa ubavu. Vikianza kuteleza, hata kwa kiasi usichokiona kwa macho, nati inapoteza mshiko na kujizungusha yenyewe kidogo kidogo. Vipande visipoteleza, nati haina sababu ya kuondoka. Ndiyo maana ile washa ya springi, kipete kilichokatwa kinachowekwa chini ya nati, tunayoitegemea sana haisaidii kiasi tunachodhani.

Sasa fikiria pikipiki mpya. Nyingi huja kwenye maboksi, na fundi wa duka ndiye anayefunga tairi la mbele, usukani, madgadi, vioo, keria. Chini ya vichwa vya bolti kuna rangi nzito ya kiwandani. Ukishaendesha, rangi ile inasagika, vyuma vinakaliana, na ule mvutano unapungua bila nati kuzunguka hata nusu duara. Injini nazo ni za silinda moja, zinatikisa fremu kila mzunguko. Kwa hiyo chombo kipya ndicho kinachohitaji kukazwa upya mapema, na ndiyo sababu watengenezaji wengi huweka sevisi ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000. Kutoka Dar mpaka Moshi ni kilomita 550 hivi. Mtu akitoka dukani akaanza safari, anaimaliza sehemu kubwa ya muda ule wa hatari akiwa peke yake barabarani.

Wanaotaka ukaguzi wa polisi au LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, nawaelewa, nia yao ni njema. Lakini tazameni Ufaransa, walikovutana kwa jambo hilihili. Agosti 2021 serikali ilitangaza ukaguzi wa lazima wa pikipiki, Rais Macron akausimamisha siku iliyofuata, waendeshaji wakaandamana, mahakama kuu ya masuala ya utawala ikaingilia, na ukaguzi ukaanza tarehe 15 Aprili 2024. Chombo kinakaguliwa kikikaribia miaka mitano, kisha kila miaka mitatu. Uingereza pikipiki huanza kukaguliwa ikifikisha miaka mitatu, halafu kila mwaka. Utaratibu wa namna hiyo utakuonyesha tairi lililokwisha, taa mbovu, beringi iliyochoka. Nati inayoachia ndani ya kilomita mia chache za kwanza hautaikuta kamwe. Na ukaguzi wa kusimamishwa kando ya barabara, askari mmoja na pikipiki mia, utaishia kwenye leseni na kofia. Bodaboda wa kijiweni kwetu wanasema utaishia kwenye kitu kidogo, na sina ubavu wa kuwabishia.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni ya fundi wa mtaani kwetu. Anasema: "Kaka, pikipiki inatoka dukani salama, halafu nyinyi mnaifunga gadi za chuma, mwamvuli, spika, keria ya kubebea magunia, kisha mnasema nati zinalegea." Hapo ana nusu ya ukweli. Uzito ulioning'inizwa nyuma unaongeza kule kusogea kwa ubavu nilikokueleza, na bolti nne za keria hazikutengenezwa kwa gunia la mahindi. Lakini yangu haikuongezwa kitu. Ilikuwa na begi moja la nguo.

Tena mafundi wenyewe wana lao. Wengine wakisikia nati imelegea, wanatia bomba kwenye mkia wa spana na kukaza mpaka bolti ilie. Bolti ya milimita 6 huhitaji takribani nyutoni-mita 10 tu (hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza), sawa na kuning'iniza kilo saba kwenye mkia wa spana ya sentimita 15. Ya milimita 8 ni kama 22. Ukizidisha sana, bolti inavutika hadi inakufa, au nyuzi za kwenye injini, ambazo ni za alumini, zinakatika. Inaonekana imekazwa, kumbe imeshaharibika. Spana yenye kipimo cha nguvu sijaiona kwenye vijiwe vingi vya mafundi nilivyopita, na inaniuma, maana mafundi hawa wanajua kazi kuliko vifaa walivyonavyo.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila anayeuza pikipiki mpya alazimike kumpa mnunuzi karatasi ya Kiswahili yenye jina na saini ya fundi aliyeifunga, ikitaja sehemu alizokaza: ekseli zote mbili, mkono wa breki, usukani, bolti za injini, ekzosi, shokapu. Kila nati hizo ichorwe mstari wa rangi unaopita kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma chake, ili hata asiyejua ufundi akiona mstari umeachana ajue nati imezunguka. Kichupa cha rangi ya kucha kinatosha. Kisha kukazwa upya mara moja, bila malipo, kabla ya kilomita 1,000. Tayari tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inayomtaka mwendeshaji awe na chombo kizima, na tuna Tume ya Ushindani yenye jukumu la kumlinda mlaji. Anayefunga chombo ndiye naona ameachwa katikati.

Muuzaji mmoja nilipomweleza haya alisema bei itapanda. Ipande kwa sababu gani? Fundi yuleyule wa Mombo alimaliza kila kitu kwa muda usiozidi saa moja, akaweka pini, akapaka gundi ya kuzuia bolti zisilegee kwenye bolti za keria (ile ya bluu, inayofunguka kwa spana ya kawaida, nyekundu hutaka moto), na nilifika Moshi jioni bila kusikia mlio wowote.

Wanaotetea marufuku nawauliza: mtu aliyenunua pikipiki Kariakoo na anaishi Same aifikisheje kwao? Na wewe uliyenunua pikipiki mpya miaka hii, popote ulipo, hebu sema hapa: ulikabidhiwa karatasi yoyote inayoonyesha nani aliifunga? Uliambiwa urudi lini ikakazwe? Na mafundi mlio humu, mkono ule wa breki ya nyuma mnaukuta na pini yake, au ni kwangu tu?