Upweke na ubaguzi kwenye riwaya, kipi kinaanza?

Mwalimu wa Nkuhungu: Wakuu habari za jioni, nafundisha fomu foo hapa Dodoma, leo tumesoma Takadini, riwaya ya Ben Hanson kuhusu mama Sekai na mwanae mwenye ualbino, na dogo mmoja mwenye ualbino akauliza eti mwalimu, kilichomuumiza zaidi Sekai ni kubaguliwa au kubaki peke yake? Nikakosa jibu. Mnaonaje?

Binti Kongwa: Huyo mtoto ana akili sana jamani. Mi naona ubaguzi ndo unaanza, wazee wanaamua mtoto auawe, mama anambeba anakimbia nae usiku, upweke unafuata. Ila mzee Chivero wa kijiji walikokimbilia akishawapokea, maneno ya kijiji yapo palepale lakini upweke unapungua. Mtu mmoja tu!

Kaka Chamwino: Msome na Crooks, kibarua wa shambani kwenye riwaya ya Steinbeck, Of Mice and Men ya 1937. Kisa mweusi analala peke yake chumba cha zizini, wenzake wanacheza karata yeye haruhusiwi kuingia, ana vitabu ila hana wa kuongea nae, halafu kibarua mwenzake Lennie akija, Crooks anaanza kwa kumfukuza. Hapo huwa naumia mno.

Mwalimu wa Nkuhungu: Asanteni ndugu zangu. Kesho namwachia dogo aanze yeye kuongea, kama atataka.