Mrejesho: tarehe za mwisho kwenye mazoezi ya karata

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kama kila mbinu ya mazingaombwe ya karata iwekewe tarehe ya mwisho, au mtu ajifue tu mpaka mkono ukubali. Nimewafuata mliosema lengo liwe kitu kinachoonekana. Kwenye kuinua karata mbili zionekane moja, lengo likawa hili: nizigeuze huku naongea, bila kutazama mikono, na kingo zisiachane. Simu inarekodi. Kumbe lile pengo dogo chini ya karata mbili, linaloshikiliwa na kidole cha mwisho ili ziinuke pamoja, lilikuwa sawa. Shida ni macho. Yalikuwa yanashuka kwenye karata kabla mkono haujafanya kitu, na hapo mtazamaji ameshajua pa kuangalia. Kioo hakikuonyeshi hilo, maana muda wote unajitazama.

Tarehe nimebakiza moja tu, ya kuonyesha mchezo mzima mbele ya watu. Hiyo inasukuma kweli! Kuficha karata kiganjani bado, vidole vinakakamaa kama nimeshika yai, kwa hiyo haina tarehe kwanza. Aliyesema dakika chache kila siku kuliko kukesha wikiendi, nakuvulia kofia.