MJADALA: Jirani anayetununulia mchele wa jumla, alipwe au asilipwe?

Tuko nyumba tano hapa Kimara, wote tunarudi kazini giza limeshaingia. Tangu Machi tunachanga, mtu mmoja anadamkia soko la Tandale, analeta gunia la mchele la kilo 100, tunagawana kilo 20 kila nyumba. Huyo mtu mmoja nimekuwa mimi, mara nne mfululizo.

Hesabu ya mara ya mwisho: dukani kwetu kilo ilikuwa 3,000, sokoni nikapata kwa 2,600. Tumeokoa 40,000. Toa bajaji 15,000 na kuli 2,000, inabaki 23,000, yaani 4,600 kila nyumba. Nikaomba zile nyumba nne zinipe 2,000 kila moja ya jasho langu. Jirani mmoja akajibu kwenye kundi letu la WhatsApp: "Kumbe siku hizi sisi ni wateja wako?" Toka siku hiyo salamu yake ni ya kutikisa kichwa tu.

Mimi nasema alipwe. Wenzangu wanne wanalala Jumamosi asubuhi kwa sababu mimi silali. Karibuni.

Baba wa watoto wanne, Moshi: Dada yangu, unaharibu ujirani. Leo 2,000 ya mchele, kesho mtoto wako akishinda kwangu nikutoze? Mwanzoni mwa miaka ya 80 mama yangu alipanga foleni duka la ushirika tangu usiku, akimshikia nafasi na bibi wa nyumba ya pili. Hakudai hata senti.

Muuguzi, Tabata: Mimi nina zamu za usiku, ya sokoni siiwezi, hiyo 2,000 natoa bila kinyongo. Ila mchele upimwe mbele ya watu! Kwetu tuliumwaga kwenye turubai barazani, tukapima kwa mizani ya kuning'iniza. Mafungu manne yakasoma 20 kamili, la tano 18 na nusu. La tano lilikuwa langu, maana ndiye niliyechelewa kutoka kazini. Uzito wa sokoni una gunia lenyewe ndani yake, na kila ukichota kuna punje zinazomwagika. Siku hizi tunapima 19 kwanza kila nyumba, kinachobaki tunagawana kwa kopo.

Mwenye duka, Mbagala: Mimi ndiye mnayemkwepa. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024 mlikuja kwangu kuomba robo robo. Na ikifika tarehe 23 mfuko umekauka, hilo kundi lenu linakopesha? Daftari langu limejaa majina ya watu wanaonunua mchele Tandale. Hiyo 400 mnayoiokoa ndiyo leseni yangu, kodi, na umeme wa friji.

Baba wa watoto wanne, Moshi: Hapo kwenye daftari nimenyamaza.

Mama, Mombasa: Sisi huku twaenda soko la Kongowea kwa zamu, hakuna malipo. Shida ni kwamba zamu ya mwenye gari haifiki, kila wiki ana safari.

Mwanzisha mada: Mwenye duka umenigusa. Mafuta ya kula nitaendelea kununua dukani, maana dumu la lita 20 lilitushinda kugawana, sakafu yangu iliteleza wiki nzima. Muuguzi, hiyo ya 19 kwanza naichukua.

Zamu nilishapendekeza. Wawili wakasema hawajui kuchagua mchele. Jamani! Unachota kiganjani, unapuliza vumbi, unaangalia chenga, unatafuna punje mbili; zikilainika upesi, mchele haujakauka. Haichukui dakika tano kujifunza.

Jumamosi natoka saa 11 alfajiri. Yule wa "wateja" nimemwandikia tuende wote, nauli juu yangu. Alama mbili za buluu naziona, jibu bado.