Mnaotuletea ugali gizani hapa Mwanza, mna nini na sisi?

Wakuu, nimetoka ukumbi wa sinema sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Sitaji jina, wa Mwanza wote mnapajua. Viti vya kujilaza, kimeza pembeni, menyu ndefu kuliko foleni ya kivuko cha Kamanga. Unaagiza, chakula kinakufuata kitini huku picha inaendelea.

Na picha ilikuwa tamu! Mama mtu yuko kitandani anakata roho. Binti kamshika mkono, anauliza swali alilolimeza tangu mwanzo: "Mama, baba yangu ni nani?" Ukumbi mzima kimya. Mama anafungua mdomo...

"SATO WA NANI?"

Tochi ya simu usoni mwangu! Sato mzima wa kukaanga, ugali unafuka moshi, kachumbari, ndimu. Nikasema si wangu. Kijana akahamia safu ya mbele: "Sato wa nani?" Akarudi nyuma: "Sato wa nani jamani, anapoa!" Yule mama kule juu anazidi kufa, hakuna anayemsikia. Mwenye samaki alipopatikana, binti tayari analia kifuani kwa mzee mmoja ambaye sijui katokea wapi. Ndiye baba? Ni mjomba? Ni mchungaji?

Halafu likapita jagi na beseni. Kunawisha watu gizani! Maji yote kwenye kiatu changu. Jirani akaanza kufyonza kichwa cha samaki, mlio ukasikika mpaka Ukerewe.

Naenda kwa msimamizi, ananijibu: "Kaka, kama unataka kimya si ungebaki kwako ukaangalia kwenye simu?" Mimi! Niliyelipa kiingilio! Bisi tunakula miaka yote, hazina miba wala hazihitaji tochi. Sato anahitaji mwanga, anahitaji maji, anahitaji meza. Na alikuwa anamtaja, wakuu. Mdomo ulishafunguka. Alikuwa ANAMTAJA!

Msukuma Halisi: Kwa hiyo baba ni nani?

Dada wa Bwiru: Pole sana kaka. Sato mwenyewe alikuwa mkubwa kiasi gani?

Mtoa uzi: Dada yangu, mtu anakufa hajamtaja baba wa mtoto, wewe unauliza ukubwa wa samaki?

Dada wa Bwiru: Nauliza kwa sababu Jumamosi nampeleka mume wangu.

Mzee wa Kibanda Umiza: Ulifuata nini huko, mdogo wangu? Njoo kibanda chetu cha video Mabatini, mtafsiri wetu anakutajia baba kabla binti hajauliza. Na muuza karanga anapita kimyakimya.

Mbeba Boksi: Huku Marekani wapo Alamo Drafthouse, walianzia Austin, Texas, mwaka 1997. Mlo kamili na bia ndani ya ukumbi. Walijijengea jina kwa vikaratasi: ulikuwa unaandika oda, unakisimamisha mbele yako, mhudumu alikuwa anakuja ameinama, anakichukua bila neno. Ukipiga soga au ukichezea simu ulikuwa unaonywa, ukirudia unatolewa nje na hela hupewi. Tatizo si chakula, ni mafunzo.

Mtoa uzi: Asante! Kikaratasi! Nani ameshindwa kununua karatasi Mwanza hii?

Sangara Mbichi: Mbeba Boksi, rudi kwanza nyumbani ndiyo utufundishe. Na wewe mtoa uzi ni njaa tu. Ungeagiza wako ungesikia harufu ya nani?

Mama Wawili: Afadhali wewe, samaki alifika. Mimi hoteli moja ya ufukweni nimeagiza jua bado kali, ziwa lile pale naliona, samaki kaja watoto wamelala mezani. Kumfunua, sangara! Mimi mzaliwa wa Ukerewe, mtu aniwekee kipande cha sangara aniambie sato?

Msukuma Halisi: Sangara kwa bei ya sato! Hiyo ni ya polisi kabisa.

Sangara Mbichi: Jamani, sangara kawakosea nini?

Mtoa uzi: Turudi kwenye mada. Tochi. Usoni. Mama anakufa.

Konda Mstaafu: Mama alishazikwa, mkuu, tuendelee. Mnaona hizi daladala za Kisesa zinavyokata ruti usiku? Unalipa nauli ya Kisesa, konda anakushusha Igoma, anasema gari bovu, halafu gari hilohilo linageuza mjini linapakia tena.

Dada wa Bwiru: Za Airport nazo hivyohivyo!

Mama Wawili: Jana nimeshushwa na mtoto mgongoni na gunia la mkaa. Gunia, jamani.

Konda Mstaafu: Enzi zetu abiria angekupiga.

Msukuma Halisi: Mimi niko Igoma sasa hivi, tumeshushwa kumi na kitu. Kuna mtu wa Kisesa hapa tuchangie bajaji?