Mwajiri wa zamani anadai programu niliyoiandika kwa mkono wangu. Nitetewe na "matumizi ya haki"?

Fundi_wa_Nyali: Wakuu, shikamooni na habari zenu. Nipo Mombasa, natengeneza mifumo ya maduka ya dawa: hesabu ya stoo, tarehe za dawa kuisha muda, risiti. Juzi nimeletewa barua ya wakili. Mwajiri wangu wa zamani anasema mfumo wangu nimeunakili kwake, nimepewa siku saba niuondoe kwa wateja. Usingizi umenipaa. Nimesoma kwamba Google walichukua vitu vya kampuni ya Oracle na wakashinda kwa hoja ya matumizi ya haki, yaani sheria kukuruhusu kutumia kazi ya mtu bila idhini yake. Si nami najitetea hivyo hivyo?

Mzee_Vipuri: Pole sana kijana. Nilipoacha kazi stoo ya vipuri, bosi alinizushia nimeondoka na orodha ya wateja. Orodha yenyewe ilikuwa kichwani! Nikafungua duka langu, siku hizi ananunua kwangu. Kaza moyo.

Binti_Saidi: Ya kichwani ni mengine, mzee wangu. Fundi, amejuaje kama umenakili? Dukani msimbo, yale maandishi ya ndani ya programu, hauonekani.

Fundi_wa_Nyali: Anahisi tu. Mifumo ya dawa yote inafanana.

Binti_Saidi: Wakili hapigi muhuri hisia. Barua inasemaje?

Fundi_wa_Nyali: Haya. Kwenye risiti zake neno "Jumla" limeandikwa "Jumlla", L mbili. Na zangu pia. Ameambatisha zote mbili. Lakini kosa hilo nililikosea mimi, saa nane za usiku, nikiwa kwake! Nilipoondoka nilibeba folda yangu kwenye flashi. Jasho ni langu. Tena nimebadilisha rangi, nimeongeza malipo ya M-Pesa, zaidi ya nusu ni mpya.

Ustadh_Mtwapa: Ulilipwa mshahara kwa jasho hilo. Flashi ile ni amana ya watu, irudishe.

Karani_Mstaafu: Mkataba wa ajira ulisemaje kuhusu programu?

Fundi_wa_Nyali: Hatukuandikiana.

Karani_Mstaafu: Basi sheria ndiyo itakayosema. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, na kazi iliyofanywa ndani ya ajira haki yake huhamia kwa mwajiri, msipokubaliana vingine. Na Google usiitegemee. Hukumu ile ya tarehe 5 Aprili 2021, majaji 6 kwa 2, ni ya Marekani. Google walichukua mistari kama 11,500 ya matamko (mistari inayotaja majina ya kazi tu) ya Java, lugha ya kuandikia programu, ili waandishi wa programu watumie majina waliyoyazoea; msimbo wa kuifanya kazi yenyewe waliuandika wao. Ni kama kuchukua majina ya milango, vyumba ukajenga mwenyewe. Wewe, ndugu yangu, umehama na nyumba. Hapa kwetu msamaha unahusu utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na habari. Kuuza hakumo.

Fundi_wa_Nyali: Kwa hiyo miaka mitatu ya akili yangu ni yake?

Karani_Mstaafu: Ujuzi ni wako, hakuna wa kukuvua. Folda ndiyo yake. Ungekaa ukaandika upya bila kuifungua, tungekuwa na mazungumzo mengine.

Kobe_Mkavu: Wakuu, hii chai. Kosa la L mbili, siku saba, Google... Hili ni swali la mtihani wa sheria, mtu anataka afanyiwe.

Mzee_Vipuri: Kumbe! Na mimi nimemwaga moyo wangu hapa.

Fundi_wa_Nyali: Natamani ingekuwa chai. Barua nimeificha ndani ya boksi la printa ya risiti, mke wangu asiione. Kila nikifungua kuchukua karatasi, naiona.

Binti_Saidi: Mimi namwamini. Mtunzi angejipendelea zaidi. Fundi, wateja wangapi?

Fundi_wa_Nyali: Watatu. Wawili walikuwa wake.

Binti_Saidi: Na siku?

Fundi_wa_Nyali: Zimebaki nne. Ila kesho asubuhi navuka feri, kuna duka Likoni nawawekea mfumo. Mwenyewe ameshanilipa nusu, na ile nusu nimelipa karo.

Karani_Mstaafu: Usivuke. Mpigie mwenye duka usiku huu, omba muda. Asubuhi nenda kwa wakili na barua hiyo, na flashi usiifute.

Fundi_wa_Nyali: Nimempigia. Hapokei.